Studio za Sanaa za Watu Wenye Ulemavu: Kutoka Wodini hadi Makumbusho

Studio ya sanaa ya watu wenye ulemavu ni karakana ambamo watu wenye ulemavu wa akili, usonji, mtindio wa ubongo au ulemavu mwingine wa tangu utotoni huja siku baada ya siku kuchora, kupaka rangi, kufinyanga, kushona na kuchonga. Haina mtaala wala mtihani, na hakuna anayekuja kutibiwa. Wasanii wengine, wanaolipwa mshahara na kuitwa wawezeshaji, hukaa humo kuandaa vifaa, kuinua kilicho kizito, kufungua chupa za rangi na kushauriana na mwenye kazi juu ya kazi yake. Wengi wa wanaochora humo hawakupata kusomea sanaa popote, na wapo ambao hawakupelekwa shule ya aina yoyote. Karakana hizi zilipata sura inayojulikana leo mwaka 1974, katika mji wa Oakland, jimbo la California, Marekani. Chimbuko lake ni la zamani zaidi, nalo liko katika wodi za hospitali za magonjwa ya akili za Ulaya.

Mwaka 1919 Hans Prinzhorn, aliyesomea historia ya sanaa kabla ya kuwa daktari, aliajiriwa katika kliniki ya magonjwa ya akili ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani. Aliziandikia hospitali nyingine akiomba michoro, barua, mishono na vinyago vya wagonjwa, na katika muda mfupi zikakusanyika kazi zipatazo 5,000 za watu wapatao 450. Kitabu alichokitoa mwaka 1922 juu ya kazi hizo kilisomwa kwa hamu zaidi na wasanii kuliko madaktari. Max Ernst alikipeleka Paris, na Paul Klee alikisifu. Wenye kazi hawakufaidi chochote katika sifa hizo. Hata majina yao yalifichwa: Franz Karl Bühler, mfua vyuma hodari ambaye kazi zake zilionyeshwa kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893, ndani ya kitabu aliitwa Franz Pohl. Kuficha majina ilikuwa desturi ya utabibu, na kwa daktari ilikuwa njia ya kutunza siri ya mgonjwa. Kwa msanii, kunyimwa jina ni kunyimwa kazi yenyewe.

Wanazi walizitumia kazi hizo hizo kwa kusudi jingine kabisa. Maonyesho yao ya "sanaa iliyopotoka" yalifunguliwa Munich mwezi Julai 1937, kisha yakazungushwa katika miji mingine. Kuanzia 1938 zilitundikwa humo na picha kutoka Heidelberg, kando ya picha za wasanii wa kisasa, ili mtazamaji aamini kwamba wasanii hao hawana tofauti na wendawazimu. Hoja nzima ilisimama juu ya jambo lililochukuliwa kuwa halihitaji kuthibitishwa, kwamba mtu mwenye maradhi ya akili hana thamani. Carl Schneider, mkuu wa kliniki ya Heidelberg wakati huo, alikuwa miongoni mwa madaktari walioushauri mpango wa serikali wa kuua wagonjwa wa akili na walemavu, ambao kati ya 1940 na 1941 uliangamiza kwa gesi watu wapatao 70,000. Bühler aliuawa katika kituo cha Grafeneck mwaka 1940. Mchoraji Elfriede Lohse-Wächtler, aliyefungwa uzazi kwa nguvu mwaka 1935 na kuacha kuchora tangu hapo, aliuawa mwaka huo huo wa 1940 katika kituo cha Sonnenstein. Historia yoyote ya sanaa ya watu wenye ulemavu isiyotaja vifo hivi ina pengo, kwa sababu dharau dhidi ya michoro na dharau dhidi ya uhai wa wachoraji zilitoka katika fikra moja.

Vita vilipokwisha, madaktari wachache walianza kuipa sanaa nafasi nyingine. Nchini Brazil, Nise da Silveira, aliyekataa kuwapiga wagonjwa wake mishtuko ya umeme, alifungua chumba cha kuchorea mwaka 1946 katika hospitali ya Engenho de Dentro, Rio de Janeiro, akisaidiwa na mchoraji kijana Almir Mavignier. Mwaka 1952 kazi za chumba hicho zikawa msingi wa makumbusho ambayo yapo hadi leo. Uingereza nako, mwaka huo huo wa 1946, msanii Edward Adamson alianza kazi kama hiyo katika hospitali ya Netherne. Huko Gugging, karibu na Vienna, daktari Leo Navratil alianza kwa kuwapa wagonjwa kalamu na kadi ndogo ili apime maradhi yao kwa michoro. Baadhi ya michoro, hasa ya Johann Hauser na Oswald Tschirtner, ilimfanya asahau kipimo na kuanza kutazama sanaa. Mwaka 1981 palifunguliwa jengo ambamo wachoraji hao wangeishi na kufanya kazi, na mwaka 1986 Johann Feilacher, aliyemrithi Navratil, akaliita Nyumba ya Wasanii. Waliokuwa wagonjwa wakawa wakazi wenye kazi. Miaka minne baadaye kikundi hicho kilipewa Tuzo ya Oskar Kokoschka, tuzo kubwa ya sanaa ya Austria.

Kati ya wodi hizo na soko la sanaa alisimama Mfaransa Jean Dubuffet. Kuanzia 1945 alizunguka Uswisi na Ufaransa akikusanya kazi za wagonjwa wa akili, wafungwa na watu wapweke, akaziita "art brut", yaani sanaa ghafi. Kwake ubora wa sanaa hiyo ulitokana na kuwa mbali na shule, makumbusho na mitindo. Mwaka 1972 mwandishi Mwingereza Roger Cardinal aliipeleka fikra hiyo kwa wasomaji wa Kiingereza katika kitabu alichokiita *Outsider Art*, na tangu hapo wasanii wa namna hii wakawekwa kwenye fungu la watu wa nje.

Dubuffet aliokoa kazi nyingi ambazo zingechomwa moto, na hilo lastahili shukrani. Hata hivyo, nadharia yake ilifanya upweke uonekane kama kipaji. Adolf Wölfli, ambaye Dubuffet alimwona kuwa mkubwa kuliko wengi, alichora akiwa amefungiwa katika hospitali ya Waldau, karibu na Bern, kwa zaidi ya miaka 30, na upweke huo ulikuwa wa kuta na funguo. Tena nadharia hiyo iliugeuza msaada kuwa kasoro. Ikiwa sanaa ni safi pale tu inapotoka kwa mtu asiyeguswa na mwingine, basi anayeshikiwa ubao, anayechaguliwa karatasi au anayekaa meza moja na wenzake amekwisha kupoteza usafi. Studio zilizofuata zilijengwa juu ya imani iliyo kinyume, nayo ilizaliwa California.

California ilikuwa na sababu zake. Kuanzia 1909 sheria ya jimbo hilo iliruhusu kufungwa uzazi kwa watu waliowekwa katika taasisi za serikali, na hadi ilipofutwa mwaka 1979 watu wapatao 20,000 walikuwa wamefanyiwa hivyo, wengi wao kwa kuhukumiwa kwamba ni wagonjwa wa akili au wana akili pungufu. Hakuna jimbo jingine la Marekani lililofikia idadi hiyo. Wazazi waliozaa mtoto mwenye sindromu ya Down au mtindio wa ubongo walishauriwa na madaktari kumpeleka katika taasisi na kumsahau. Mtoto alikulia katika ukumbi wa vitanda vingi, bila shule, bila kitu chake mwenyewe. Katika miaka ya 1960 malalamiko ya wazazi yalizidi, na mwaka 1969 jimbo likapitisha Sheria ya Lanterman, iliyoeneza jimboni kote vituo vya kanda vya kugharimia huduma za watu hao wakiwa nje, katika jamii. Taasisi zikaanza kupunguza watu. Maelfu ya watu wazima wakarudishwa mitaani, wengine baada ya maisha mazima ya kufungiwa, na hakukuwa na mpango wa nini wafanye na siku zao.

Wakati huo huo, jirani kabisa na Oakland, watu wenye ulemavu walikuwa wameanza kujisemea. Ed Roberts, aliyepooza kwa polio na kutegemea mashine ya kupumulia, alikubaliwa kusoma Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1962. Kwa kuwa hakukuwa na bweni la kumfaa, aliishi katika hospitali ya chuo. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakafungua kituo cha maisha ya kujitegemea kilichoendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Aprili 1977 watu zaidi ya 100 waliingia katika jengo la serikali kuu mjini San Francisco na kukataa kutoka kwa muda wa karibu mwezi mzima, wakidai kanuni za kuzuia ubaguzi katika huduma zinazolipiwa na serikali. Chama cha Black Panther, ambacho makao yake yalikuwa Oakland, kiliwapelekea chakula cha moto kila siku, na mmoja wa wanachama wake, Brad Lomax, alikuwa ndani ya jengo akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Tarehe 28 Aprili kanuni zikatiwa saini. Harakati hizo ziliongozwa zaidi na watu wenye ulemavu wa viungo waliosoma vyuo vikuu. Wenye ulemavu wa akili walikuwa na safari ndefu zaidi, kwa sababu hata baadhi ya watetezi wa haki waliwaona kama watu wa kusemewa. Mwaka 1974, katika jimbo jirani la Oregon, walianzisha vuguvugu lao wenyewe lililoitwa People First.

Mwaka huo ndipo ilipoanzishwa studio ya Oakland, Creative Growth. Waanzilishi wake walikuwa mume na mke, Elias Katz, mwanasaikolojia, na Florence Ludins-Katz, msanii na mwalimu. Walianzia gereji ya nyumba yao, wakiwakaribisha watu wachache waliotoka katika taasisi. Baadaye studio ikahamia barabara ya 24 katikati ya Oakland, katika jengo kubwa lililokuwa la kutengenezea magari, lenye sakafu ya saruji na madirisha mapana ya barabarani. Msimamo wao ulikuwa mwepesi kuutamka na mgumu kuutekeleza. Walishikilia kwamba kila mtu, awe na ulemavu mkubwa kiasi gani, anaweza kuunda, na kwamba anachohitaji ni mahali, muda, vifaa vizuri na watu wanaomtazama kama msanii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wawili hao walianzisha studio nyingine mbili kwa mfano huo huo: Creativity Explored mjini San Francisco, na NIAD mjini Richmond, kaskazini kidogo ya Oakland. Mwaka 1974 huo huo, bila uhusiano na Oakland, mama mmoja wa Melbourne aitwaye Myra Hilgendorf, aliyekuwa na binti mwenye ulemavu wa akili, alianzisha Arts Project Australia. Miji miwili iliyotenganishwa na bahari ilifikia jawabu moja kwa sababu ilikuwa inakabiliwa na tatizo moja.

Utaratibu wa kazi katika studio hizo za California unastahili kuelezwa, maana humo ndimo yaliko mapinduzi yake. Msanii huja siku kadhaa kwa juma, mara nyingi kwa gari la huduma, na gharama za nafasi yake hulipwa kwa sehemu kubwa na kituo cha kanda chini ya Sheria ya Lanterman. Meza ni ndefu, watu hukaa wengi pamoja. Anayetaka udongo huenda upande wa ufinyanzi, anayetaka mbao huenda upande wa misumeno, anayetaka nyuzi huenda kwenye vitambaa. Mwezeshaji, ambaye kwa kawaida naye ni msanii mwenye kazi zake, hufundishwa kujizuia. Haruhusiwi kusahihisha mchoro, kumaliza picha ya mwingine wala kumwambia kwamba jua si la kijani. Anachoruhusiwa ni kuleta rangi ya aina nyingine, kuinamisha meza, kufunga brashi mkononi mwa asiyeweza kushika, kupanua karatasi pale mkono unapoonekana kutaka nafasi. Studio nyingi zina ukumbi wa maonyesho mle mle, na kazi inaponunuliwa msanii hupata sehemu yake. Kule Creative Growth, fungu lake ni nusu ya bei.

Dwight Mackintosh ndiye mfano wa kwanza uliojulikana mbali. Alizaliwa mwaka 1906, akapelekwa katika taasisi akiwa na miaka 16, na akakaa humo miaka 56. Alipotolewa mwaka 1978 alikuwa mzee. Aliingia Creative Growth akaanza kuchora karibu bila kupumzika: watu, mabasi na magari ambayo ndani yake mnaonekana, yakizungukwa na mistari mirefu ya mwandiko usiosomeka ambao hauachi kalamu. Aliendelea hadi kufa kwake mwaka 1999. Wapo waliotaka kuufumbua mwandiko ule kama fumbo la maradhi. Busara iko kwa wale walioutazama kama sehemu ya picha, yenye mwendo na uzito sawa na sehemu nyingine.

Hakuna aliyeitikisa historia ya sanaa kutoka studio hizi kuliko Judith Scott. Alizaliwa Ohio mwaka 1943 akiwa na sindromu ya Down, pacha wa Joyce ambaye hakuwa na ulemavu. Homa ya utotoni ilimnyima usikivu, na hakuna aliyegundua. Alipopimwa kwa maswali ya mdomo asiyoweza kuyasikia, aliandikwa kuwa hafundishiki. Mwaka 1950, akiwa na miaka saba, alipelekwa taasisi ya serikali mjini Columbus. Kumbukumbu za taasisi zinaonyesha kwamba wakati mmoja alinyang'anywa kalamu za rangi kwa madai kwamba hana akili ya kuzitumia. Uziwi wake ulikuja kutambuliwa miongo mingi baadaye. Alikaa katika taasisi miaka 35, hadi Joyce alipopata ulezi wake kisheria na kumleta California katikati ya miaka ya 1980.

Aliingia Creative Growth mwaka 1987. Kwa muda wa karibu miaka miwili alichora vitu vichache bila moyo, na ingekuwa rahisi kwa studio kuandika, kama taasisi ilivyoandika, kwamba hana uwezo. Haikufanya hivyo. Siku moja alijiunga na warsha ya nyuzi iliyoendeshwa na msanii mgeni, Sylvia Seventy. Wengine walifuata zoezi lililotolewa, naye akaokota vijiti na kuvizungushia nyuzi. Hakuacha tena. Kwa miaka iliyobaki aliunda sanamu zipatazo 200, akivizinga vitu alivyovichukua studioni (miavuli, feni, hata toroli la dukani) kwa tabaka juu ya tabaka za sufu, kamba na vitambaa, mpaka kitu cha ndani kikafichika kabisa. Kipindi ambacho nyuzi hazikupatikana aliunda sanamu nzima kwa karatasi za kukaushia mikono alizozifunga na kuzisokota. Kazi ilipokwisha aliisukuma kando, hiyo ikawa saini yake. Hakuipa jina, hakueleza maana yake, kwa kuwa hakuzungumza na hakuwahi kufundishwa lugha ya alama. Alifariki mwaka 2005. Kati ya 2014 na 2015 Makumbusho ya Brooklyn, New York, yalimfanyia maonyesho makubwa ya kazi zake pekee, na mwaka 2017 sanamu zake zilikuwa Venice kwenye maonyesho makuu ya kimataifa, pamoja na michoro ya Dan Miller, mwenzake wa studio ile ile, mwenye usonji, anayeandika maneno juu ya maneno mpaka yanakuwa wingu la wino.

Maisha ya Scott hupendwa kusimuliwa kama muujiza wa mtu aliyefungwa kisha akafunguka, na nyuzi zake hufasiriwa kama kifuko cha utumwa wake. Usimulizi huo una huruma, lakini una hila ndani yake. Unamfanya mlemavu awe wa kushangaza kwa sababu amefanya kile ambacho hakutazamiwa, na hivyo unahifadhi ile dharau ya awali. Tena unaifuta studio. Bila meza ile, bila warsha ya nyuzi, bila wawezeshaji walioacha toroli litoweke ndani ya sufu badala ya kulidai, zisingekuwako sanamu. Msaada huo haukumwondolea Scott uandishi wa kazi yake hata chembe. Wachongaji wakubwa wa Ulaya wamekuwa na wasaidizi wa kukata mawe na kumimina shaba tangu enzi za kale, na hakuna anayeuliza kama sanamu ni zao. Swali hilo huulizwa kwa mlemavu peke yake, na kuulizwa kwake tu ni ubaguzi.

Zipo studio zilizokwenda mbele zaidi na kuufanya ushirikiano kuwa kazi yenyewe. Mashuhuri kati yake ni La "S" Grand Atelier ya Vielsalm, katika milima ya Ardennes, Ubelgiji, inayoongozwa na Anne-Françoise Rouche. Tangu miaka ya 2000 studio hiyo, pamoja na wachapishaji wa Frémok, imewaunganisha wachora vibonzo wa mjini na wasanii wake wenye ulemavu wa akili, wawili wawili. Marcel Schmitz, mwenye sindromu ya Down, alijenga kwa maboksi na utepe wa gundi mji wa kuwazika alioupa jina la FranDisco, wenye majengo na makanisa. Mchora vibonzo Thierry Van Hasselt akauchora mji huo na watu wake, na michoro ikamrudia Schmitz, naye akaendelea kujenga. Kitabu chao cha 2016 kina majina mawili jaladani. Ushirikiano wa namna hii una hatari zake, kwa sababu aliyesoma na mwenye jina sokoni anaweza kummeza mwenzake kwa wepesi. Kinachoulinda ni muda. Wawili hao walifanya kazi kwa miaka, na mwendo wa kazi uliamuliwa na anayejenga.

Upande wa pili wa historia hii ni ujira. Sheria ya kazi ya Marekani ya 1938, iliyoweka kima cha chini cha mshahara kwa taifa zima, iliacha mlango kwa waajiri wenye kibali kuwalipa watu wenye ulemavu chini ya kima hicho. Kwa mlango huo zilistawi karakana za kufungasha bidhaa ambamo watu wenye ulemavu wa akili waliketi mwaka nenda mwaka rudi wakihesabu misumari na kukunja maboksi kwa senti chache kwa saa. Mtu yule yule aliyehesabiwa hafai kulipwa mshahara kamili aliingia studio ya sanaa, na picha yake ikauzwa kwa maelfu ya dola. California ilipitisha sheria ya kuukomesha ujira huo mwaka 2021, na mwanzoni mwa 2025 ukakoma katika jimbo hilo. Sheria ya taifa haijabadilika.

Makumbusho makubwa yalichelewa, kisha yakaja kwa pamoja. Kwa miongo mingi kazi za studio hizi zilionyeshwa katika kumbi za pembeni chini ya bango la sanaa ya watu wa nje, na bango hilo lilisema zaidi juu ya uchunguzi wa daktari kuliko juu ya rangi. Mwaka 2024 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya San Francisco yaliadhimisha miaka 50 ya Creative Growth kwa maonyesho, baada ya kujipatia zaidi ya kazi 100 za wasanii wa studio tatu zilizoanzishwa na akina Katz. Desemba ya mwaka huo Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalifungua maonyesho ya Marlon Mullen, mchoraji wa NIAD asiyezungumza sana, ambaye hulaza turubai mezani na kuyageuza majalada ya majarida ya sanaa kuwa mabapa mazito ya rangi za akriliki, herufi zikipotea hapa na kujitokeza pale. Majarida yenyewe huyapata kwenye rafu za studio. Msanii aliyewekwa nje ya ulimwengu wa sanaa amekuwa akiutazama ulimwengu huo kila siku na kuuchora upya.

Uingereza ilifika mahali hapo kwa njia yake. Kikundi cha Project Art Works cha Hastings, kilichoanzishwa 1997 na kuwaunganisha wasanii wenye ulemavu wa akili na wasio na ulemavu, kiliteuliwa kuwania Tuzo ya Turner mwaka 2021. Desemba 2025 tuzo hiyo, yenye pauni 25,000, ilikwenda kwa Nnena Kalu, aliyezaliwa Glasgow mwaka 1966 na wazazi wa Kinaijeria. Alikuwa msanii wa kwanza mwenye ulemavu wa akili kuipata. Kalu ana usonji na huzungumza maneno machache. Tangu 1999 amefanya kazi na shirika la ActionSpace mjini London, akizinga na kufunga vitambaa, karatasi, tepu za video na plastiki hadi zikawa mafundo makubwa ya rangi kali yanayoning'inia, na kuchora mizunguko miwili miwili inayofanana bila kulingana. Mwezeshaji wake, Charlotte Hollinshead, amekuwa naye kwa zaidi ya miaka 25, na ndiye aliyezungumza jukwaani kwa niaba yake usiku wa tuzo. Baadhi ya wahakiki walinung'unika kwamba tuzo imetolewa kwa huruma. 

Kilichobaki nyuma ya sifa hizi ni sheria. Nchini Marekani mlemavu asiye na kipato huishi kwa posho ya serikali kuu, na pamoja na posho hiyo, katika majimbo mengi, huja matibabu na mtu wa kumhudumia. Masharti yake ni kwamba mtu asiye na mwenzi asiwe na mali inayohesabika ya zaidi ya dola 2,000. Msanii wa studio akiuza picha moja kwa bei nzuri na kuiweka fedha benki anaweza kupoteza posho, kwa hiyo studio hulazimika kupanga malipo kwa uangalifu, kuyagawa kwa miezi au kuyapitisha katika akaunti maalumu. Sheria ya 2014 iliruhusu akaunti hizo za akiba kwa waliopata ulemavu kabla ya kutimiza miaka 26, na umri huo umeongezwa kufikia 46 kuanzia Januari 2026. Kikomo chenyewe cha dola 2,000 hakijapandishwa tangu 1989.